Viza moja, nchi 29: Mfanyabiashara mdogo apange nini kabla ya safari ya Ulaya

KILA mwaka ifikapo Julai, Barabara ya Kilwa wilayani Temeke hufurika watu wanaoelekea kwenye Viwanja vya Mwalimu Nyerere, kwenye maonyesho ya biashara ambayo wengi huyaita Sabasaba. Ndani ya mabanda, wasindikaji wadogo kutoka Mbagala, Chamazi, Tegeta na Bunju hupanga pakiti zao za viungo, matunda makavu, asali na korosho. Hapo ndipo baadhi yao hukutana kwa mara ya kwanza na mnunuzi kutoka Ulaya. Mnunuzi huonja, huuliza bei, huacha kadi yake na kuaga kwa maneno machache: tukutane Berlin mwezi Februari.

Kwa mwenye biashara ndogo, mwaliko huo ni habari njema. Lakini pia ndio mwanzo wa matumizi makubwa pengine kuliko yote aliyowahi kuyafanya kwa wiki moja. Akikosea mpango, anaweza kupoteza ada ya viza, nauli, malipo ya hoteli na mteja aliyekuwa akimsubiri, kabla hata hajapanda ndege katika Uwanja wa Julius Nyerere.

Uzoefu wa Kariakoo hausaidii sana hapa. Wafanyabiashara wengi wa jiji wamezoea safari za Dubai au Guangzhou, ambako wanakwenda kununua. Anayekwenda Ulaya mara nyingi anakwenda kuuza au kutafuta soko, na nchi anayoingilia huenda isiwe ndiyo nchi ya mteja wake. Maonyesho yako Ujerumani, ghala la mnunuzi liko Uholanzi, na ndugu au mteja mwingine yuko London. Kosa la gharama kubwa hutokea pale anapotoka nchi moja ya Ulaya kwenda nyingine.

Schengen ni nini?

Tarehe 14 Juni 1985, nchi tano za Ulaya zilitia saini mkataba wa kuondoa ukaguzi wa watu kwenye mipaka baina yao. Shughuli hiyo ilifanyika katika kijiji cha Schengen, nchini Luxembourg, na jina la kijiji likabaki kuwa jina la eneo zima. Utaratibu wenyewe ulianza kutekelezwa Machi 1995.

Eneo hilo limekuwa likipanuka. Croatia iliingia Januari 2023, kisha Bulgaria na Romania zikakamilisha kuingia Januari 2025, na idadi ikafikia nchi 29. Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji, Ufaransa, Italia na Hispania zimo. Uswisi na Norway nazo zimo, ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya.

Uingereza haimo na haijawahi kuwamo, hata kabla ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020. Ireland ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini haimo katika Schengen. Kwa hiyo mwenye viza ya Ujerumani anaweza kwenda Uholanzi bila kuomba viza nyingine, lakini hawezi kwenda London kwa viza hiyo hiyo.

Kwa Mtanzania, viza ya muda mfupi ya Schengen humruhusu kukaa hadi siku 90 katika kipindi chochote cha siku 180. Siku hizo huhesabiwa kwa eneo zima, wala si kwa kila nchi. Aliyekaa siku 40 Italia na siku 50 Ufaransa amemaliza siku zake 90, na kuhamia Ubelgiji hakumwongezei hata moja. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa.

Aombe ubalozi gani?

Chukulia mama mmoja wa Chamazi anayenunua mdalasini, karafuu na pilipili manga kutoka Muheza, kisha anazisafisha na kuzifungasha nyumbani kwake. Anataka kuhudhuria maonyesho ya Berlin kwa siku tatu, kisha apande treni kwenda Uholanzi kumtembelea mnunuzi na kukagua maghala kwa siku tano. Aombe viza Ujerumani au Uholanzi?

Wengi hujibu haraka kuwa ni popote, kwa kuwa viza ni moja. Si kweli. Kanuni za viza za Schengen zinaelekeza maombi yapelekwe kwenye nchi ambayo ndiyo lengo kuu la safari, kwa kuangalia madhumuni au muda wa kukaa. Kwa kuwa shughuli zote mbili za mama huyu ni za biashara, muda ndio unaoamua. Uholanzi ina siku tano, hivyo aombe Uholanzi.

Kama angegawa siku sawa kwa sawa, nne Berlin na nne Uholanzi, kinachotazamwa ni nchi ya kwanza anayoingilia. Hapo tiketi ya ndege inaweza kubadilisha jibu. Akipitia Amsterdam, hata kama anaunganisha tu ndege ya Berlin, ukaguzi wa kuingia Schengen hufanyika Amsterdam. Ndege ya kutoka Amsterdam kwenda Berlin ni kama safari ya ndani. Akipitia Dubai au Addis Ababa na kutua moja kwa moja Ujerumani, basi nchi ya kwanza ni Ujerumani.

Wapo wanaoambiwa kijiweni kuwa ubalozi fulani ni mwepesi, wakaomba huko na kuweka hoteli za nchi ambayo hawana nia ya kufika. Huo ni mtego. Ofisa wa mpakani ana haki ya kuuliza mwenyeji ni nani, hoteli iko wapi na maonyesho ni ya tarehe ngapi. Majibu yakipingana na maombi, viza inaweza kufutwa papo hapo na msafiri akarudishwa.

Jambo jingine ni mahali pa kuwasilisha maombi. Balozi za Ujerumani na Uholanzi ziko katika jengo la Umoja House, katikati ya Jiji la Dar es Salaam, lakini si kila nchi ya Schengen ina ubalozi nchini. Nyingine huwakilishwa na ubalozi wa nchi mwenzake, na nyingine huachia wakala maalumu kazi ya kupokea fomu na alama za vidole. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuulizia kwa ubalozi wenyewe mahali pa kupeleka maombi na jinsi ya kupata miadi, badala ya kusikiliza vishoka.

Gharama na muda

Ada ya viza ya Schengen imekuwa ikipanda. Ilikuwa yuro 60 tangu 2007, ikawa yuro 80 Februari 2020, na tangu 11 Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka sita hadi chini ya 12 hulipiwa yuro 45. Kwa kiwango cha sh 2,900 kwa yuro moja, ada ya mtu mzima ni sh 261,000. Wakala anayepokea fomu huongeza ada yake ya huduma. Maombi yakikataliwa, fedha hiyo hairudi.

Kanuni zinaruhusu kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na siku 15 kabla ya safari ndio mwisho. Kwa kawaida uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kufikia siku 45 pale uchunguzi zaidi unapohitajika. Anayesubiri hadi mwezi mmoja kabla anacheza bahati nasibu.

Mpango mzuri kwa maonyesho ya Februari ni huu. Julai ni Sabasaba, mawasiliano na mnunuzi yanaanza. Agosti na Septemba ni miezi ya pasipoti, nyaraka za biashara na kuomba barua ya mwaliko. Oktoba na Novemba ni wakati wa miadi na kuwasilisha maombi. Kufikia katikati ya Desemba jibu liwe limepatikana, kwa sababu sikukuu za Krismasi na Mwaka Mpya hupunguza siku za kazi huku na huko Ulaya.

Ili kuomba viza, pasipoti inatakiwa iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe hai kwa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Schengen, na iwe na angalau kurasa mbili tupu. Pasipoti za kielektroniki za Tanzania zilizinduliwa Januari 2018, na ada iliyotangazwa kwa pasipoti ya kawaida ilikuwa sh 150,000. Asiye na cheti cha kuzaliwa aanzie RITA, na asiye na kitambulisho cha taifa aanzie NIDA, maana foleni ya safari ya Ulaya huanzia huko.

Bima ya safari ni ya lazima. Iwe na kinga ya angalau yuro 30,000 kwa matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa au kifo, na ihusu nchi zote za Schengen kwa siku zote za safari. Bima inayotaja Ujerumani peke yake haimfai anayepanga kufika Uholanzi.

Mwombaji anatakiwa kufika mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole kumi. Alama hizo huhifadhiwa na zinaweza kutumika tena kwa maombi mengine ndani ya miezi 59, yaani karibu miaka mitano.

Biashara iliyomo kwenye simu

Hapa ndipo wafanyabiashara wadogo wengi hukwama, wala si kwa kukosa fedha. Mwenye duka la Tandika au mkulima wa mbogamboga wa Mabwepande anaweza kuzungusha mamilioni kwa mwezi, lakini fedha yote iko kwenye mzigo, kwenye simu na mikononi mwa wadaiwa. Akaunti ya benki ina sh 80,000. Anayesoma faili lake ubalozini haoni mzigo wala wadaiwa. Anaona akaunti.

Wengine wakishagundua hilo hukopa kwa jamaa, wakaweka sh milioni kumi kwa mkupuo wiki moja kabla ya miadi. Taarifa ya benki inaonyesha tarehe. Fedha iliyoingia ghafla bila maelezo huongeza shaka badala ya kuiondoa.

Dawa yake ni ya polepole. Anayekusudia kusafiri Februari aanze kupitisha mauzo yake benki tangu katikati ya mwaka, hata kama ni kidogo kidogo, ili taarifa ya miezi kadhaa ionyeshe biashara inayopumua. Aambatanishe leseni ya biashara ya manispaa, namba ya mlipa kodi na uthibitisho wa kulipa kodi kutoka TRA, cheti cha BRELA cha jina la biashara au kampuni, ankara na mikataba ya mauzo, pamoja na cheti cha TBS kama bidhaa imethibitishwa. Mkulima mwenye hati ya shamba au barua ya ushirika wake naye aiweke.

Nyaraka hizo hujibu maswali matatu ambayo kila faili huulizwa: msafiri anakwenda kufanya nini, ataishi kwa fedha gani, na kwa nini atarudi. Swali la tatu ndilo zito. Biashara iliyosajiliwa, familia, shamba na wafanyakazi wanaomsubiri ndiyo majibu yake.

Barua ya mwaliko itaje jina la msafiri kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, sababu ya ziara na anayelipa gharama. Barua inayosema kwa ujumla tu kuwa msafiri anakaribishwa Ulaya haina uzito. Kama safari ina nchi mbili, faili liwe na ratiba ya siku kwa siku: usiku wa kwanza hadi wa tatu Berlin, wa nne hadi wa nane Uholanzi, pamoja na usafiri wa kutoka moja hadi nyingine.

Tiketi ya ndege isilipwe yote kabla ya viza kutoka, isipokuwa pale inapotakiwa. Mara nyingi nafasi iliyoshikiliwa hutosha kwa maombi, na hoteli zipo zinazokubali kufuta nafasi bila malipo. Ni vizuri kuuliza ubalozi kabla ya kufungua pochi.

Soma kibandiko kabla ya kuondoka

Viza ikitoka, wengi huangalia picha yao na kufunga pasipoti. Wasome kibandiko chote kabla ya kuondoka dirishani, kwa sababu kila sehemu ina maana.

Kwanza ni eneo. Kibandiko kikitaja nchi za Schengen, msafiri anaweza kutembea katika eneo lote. Zipo viza zinazotolewa kwa nchi moja au chache tu, na hizo hazimruhusu kuvuka kwenda nyingine.

Pili ni tarehe mbili, ya kuanza na ya mwisho. Tatu ni idadi ya siku za kukaa, ambayo mara nyingi ni pungufu ya siku zilizopo kati ya tarehe hizo mbili. Viza yenye nafasi ya siku 25 inaweza kuruhusu kukaa siku kumi tu. Anayehesabu tarehe ya mwisho na kusahau idadi ya siku hukaa kupita kiasi bila kujua, na jina lake hubaki katika kumbukumbu.

Nne ni idadi ya kuingia: 01, 02 au MULT. Hapa ndipo safari ya London huharibikia. Mwenye 01 akitoka Amsterdam kwenda London, viza yake ya Schengen imekwisha kazi, hata kama siku zake hazijaisha. Kama tiketi yake ya kurudi Dar es Salaam inaanzia Amsterdam, amekwama. Anayetaka kwenda London katikati ya safari aombe viza ya kuingia mara mbili tangu mwanzo na aeleze sababu. Au apange London iwe kituo cha mwisho, na ndege ya kurudi nyumbani ianzie huko bila kupita tena Schengen.

Viza ya Uingereza ni maombi mengine kabisa, yenye fomu yake, ada yake na alama zake za vidole. Kwa mfanyabiashara anayesafiri kwa mara ya kwanza, kuongeza London kwa ajili ya siku mbili za kumsalimia ndugu huweza kugharimu kuliko faida ya safari nzima.

Mpakani na njiani

Kuanzia 12 Oktoba 2025, nchi za Schengen zilianza hatua kwa hatua kutumia mfumo wa kielektroniki wa kusajili wanaoingia na kutoka. Mfumo huo huchukua picha ya uso na kuhifadhi tarehe, badala ya mhuri wa kwenye pasipoti. Maana yake ni kwamba siku zinahesabiwa na kompyuta. Hakuna tena kujitetea kuwa mhuri haukusomeka.

Anayetoka Ujerumani kwenda Uholanzi kwa treni hatakutana na jengo la uhamiaji kama la Namanga au Tunduma. Lakini asiache pasipoti hotelini. Septemba 2024 Ujerumani ilirejesha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na Uholanzi ikafuata Desemba mwaka huo. Polisi wanaweza kuingia ndani ya behewa na kuuliza hati. Barua ya mwaliko, bima na tiketi ya kurudi zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiwekwe kwenye begi kubwa.

Mwenye fedha taslimu zinazofikia yuro 10,000 au zaidi anatakiwa kuzitangaza kwa forodha anapoingia au kutoka Umoja wa Ulaya.

Sampuli zinazokwama uwanjani

Mfanyabiashara wa chakula hasafiri mikono mitupu. Hata hivyo, begi la sampuli linaweza kumletea matatizo kuliko viza.

Tangu 14 Desemba 2019, Umoja wa Ulaya unataka karibu kila tunda bichi, mboga na mmea unaobebwa na msafiri uwe na cheti cha afya ya mimea. Yaliyosamehewa ni matano tu: nanasi, ndizi, nazi, tende na duriani. Kwa hiyo mwenye nanasi la Kiwangwa hahitaji cheti hicho, lakini mwenye embe, mchicha au pilipili mbichi anakihitaji. Nchini, cheti hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, baada ya ukaguzi. Pilipili kutoka Afrika zina masharti ya ziada kwa hofu ya nondo ambaye kiwavi wake hutoboa tunda na kujificha ndani.

Nyama na maziwa, pamoja na bidhaa zake, haziruhusiwi kubebwa na msafiri kutoka Tanzania. Siagi ya kienyeji na nyama kavu zibaki nyumbani. Asali inaruhusiwa hadi kilo mbili kwa matumizi binafsi.

Viungo vikavu vilivyofungashwa vizuri ndivyo vyepesi zaidi. Pakiti ziwe ndogo, ziwe na lebo inayoeleza kilichomo, uzito na mtengenezaji, na ziambatane na orodha inayosema kuwa ni sampuli. Anayebeba sampuli za biashara apite njia ya kutangaza mizigo. Kukamatwa kwenye njia ya wasio na cha kutangaza ni mwanzo mbaya wa biashara.

Je, safari italipa?

Swali la mwisho ndilo lililopaswa kuwa la kwanza. Tuseme nauli ni sh milioni 2.6, viza, huduma na bima sh 500,000, malazi na chakula kwa siku kumi sh milioni tatu, treni na kiingilio cha maonyesho sh 900,000. Jumla ni sh milioni saba.

Kama mama wa Chamazi atapata faida ya ziada ya sh 2,000 kwa kila kilo atakayouza Ulaya badala ya Kariakoo, lazima auze kilo 3,500 ili arudishe gharama ya safari tu. Ikiwa anafungasha kilo 100 kwa mwezi, hiyo ni kazi ya miezi 35, karibu miaka mitatu. Lakini wasindikaji watano wakichanga na kumtuma mmoja akiwa na sampuli za wote, kila mmoja anatoa sh milioni 1.4. Kila mmoja akiuza kilo 700, yaani mzigo wa miezi saba, gharama imerudi. Faili la mjumbe wa kikundi nalo huwa na nguvu zaidi, kwa kuwa lina barua ya kikundi, mchango wa wenzake na sababu ya wazi ya kurudi kutoa taarifa.

Habari njema ni kwamba bidhaa za Tanzania, kama nchi iliyo katika kundi la nchi maskini zaidi, huingia soko la Umoja wa Ulaya bila ushuru wa forodha wala ukomo wa kiasi, chini ya mpango uliopitishwa mwaka 2001 ambao unaacha nje silaha tu. Kinachozuia mara nyingi ni ubora na vyeti. Mnunuzi wa matunda na mboga atauliza mabaki ya viuatilifu na cheti cha GlobalG.A.P. kabla ya kuuliza bei. Asiye navyo atatumia sh milioni saba kwenda kuambiwa arudi nyumbani akavitafute.

Ndiyo maana mkulima wa Bunju au msindikaji wa Mbagala afanye kwanza kazi inayoweza kufanyika hapa. Atume sampuli kwa njia ya kawaida ya mizigo. Azungumze na mnunuzi kwa simu na barua pepe hadi bei na kiasi vijulikane. Aulizie TanTrade, ambao ndio waandaaji wa Sabasaba, au kwa wakulima wa matunda, mboga na maua aulizie TAHA, kama kuna msafara unaokwenda pamoja kwenye maonyesho ya Berlin, Nuremberg au Paris. Anayekwenda kukamilisha makubaliano yaliyokwisha kuanza ana maelezo ya kutosha ubalozini na ana nafasi ya kurudisha fedha yake.

Akikataliwa, asikate tamaa wala asikimbilie kishoka. Barua ya kukataliwa hutaja sababu kwa kuweka alama kwenye orodha, na kanuni zinampa haki ya kukata rufaa. Kama sababu ni madhumuni ya safari kutoeleweka au uwezo wa kifedha kutothibitishwa, mara nyingi tiba ni kurekebisha faili na kuomba upya. Kosa lisilo na tiba rahisi ni nyaraka ya kughushi, kwa kuwa kumbukumbu yake huonekana na nchi zote 29 kwa miaka kadhaa.

Na akikubaliwa, arudi kwa tarehe. Kwa kanuni zilizoanza Februari 2020, aliyepata na kutumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili anaweza kupewa ya kuingia mara nyingi kwa mwaka mmoja, baadaye miaka miwili, hatimaye mitano. Kwa mfanyabiashara, hiyo ni mali kama mtaji. Hujengwa na safari ya kwanza iliyopangwa vizuri, ambayo msafiri alikwenda alikosema anakwenda, akakaa siku alizopewa, kisha akarudi Chamazi kufungasha mzigo ulioagizwa.